Siku moja maishani mwangu: nachora mipaka ndani ya shingo za watu

Saa 11 alfajiri niko macho, Kimara. Napanda mwendokasi kabla msongamano haujaanza, na saa 1 kasoro nimeshafika kazini. Safari sitaieleza, wakazi wa Dar mnaijua.

Kazi yangu haijulikani hata na watu ninaopishana nao koridoni. Wanaona dada ameketi kwenye chumba chenye giza mbele ya skrini mbili, wanadhani ni karani wa kuingiza takwimu. Mimi ni msomaji wa picha. Wenzangu wa chumba cha pili wanapiga utrasaundi ya shingo, mimi nazipokea picha na kuzipima kwa programu: ukuta wa ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, una unene gani, kuna plaki au hakuna, na kama ipo, ni ya namna gani. Plaki ni ule uvimbe wa mafuta, nyuzi na chokaa unaojijenga ndani ya ukuta wa mshipa mwaka hadi mwaka bila mwenyewe kuhisi chochote. Ikipasuka shingoni, kipande chake au donge la damu hupanda kichwani, na hapo ndipo mtu anapopata kiharusi.

"Si kompyuta ndiyo inayopima?" Swali hilo nimeulizwa na ndugu, jirani, hata daktari mmoja. Kompyuta inahesabu. Mpaka nauchora mimi, na mpaka ukienda pembeni kwa upana wa uzi, hesabu itatoka safi kabisa, lakini ya kitu kingine.

Saa 1:15. Nashusha mapazia, nafuta vumbi kwenye skrini. Kabla ya picha mpya nachora upya 20 nilizozisoma mwezi uliopita, majina yamefichwa. Namba zangu za leo zinalinganishwa na za siku ile. Zikiachana sana, hakuna kuendelea mpaka tujue kwa nini. Hakuna anayenisimamia kwa hili, na sijawahi kuliruka.

Saa 2:30. Unene wa ukuta. Mwaka 1986 Mtaliano Pignoli na wenzake walionyesha kwamba ile mistari miwili myeupe yenye weusi katikati inayoonekana kwenye picha ndiyo tabaka za ndani za ateri, na inapimika. Sisi tunachukua sentimita 1 ya karotidi, ateri kubwa ya shingoni inayopeleka damu kichwani, kabla haijagawanyika, ukuta wa mbali na kifaa, kwa sababu ule wa karibu huwa na ukungu. Programu inatafuta kingo, mimi narekebisha pale iliporukia mstari usio wake. 0.6, 0.7, 0.9, zote milimita. Hadi saa 4 watu 11 wamekwisha.

Chai na chapati mbili, kisha plaki. Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Kila mashine ya utrasaundi ina mwanga wake, na kila mpigaji anauongeza au kuupunguza anavyoona. Ukiwaacha hivyo, plaki moja itakuwa nyeusi kwa huyu na ya kijivu kwa yule. Kwa hiyo kwanza naisawazisha picha: natia alama kwenye damu, ndani kabisa ya mshipa, pasipo na nukta yoyote nyeupe, naiambia programu hapa ni 0. Kisha kwenye ukuta wa nje wa ateri, pale panapong'aa, naiambia hapa ni 190. Mizani nzima ni 0, weusi kabisa, hadi 255, weupe kabisa, na vyote vilivyo katikati vinajipanga upya. Halafu naizungushia plaki mpaka, nukta kwa nukta, na programu inanipa namba ya kati ya pikseli, yaani nukta ndogo za picha, zote zilizo ndani. Namba ndogo maana yake ni weusi: mafuta mengi au damu iliyovujia ndani. Kubwa ni nyuzi ngumu. Chokaa inang'aa kama meno na kuangusha kivuli, na kilicho chini ya kivuli hakipimwi, maana hapo sauti haikufika.

Leo saa 5 hivi ikaingia picha ya mzee mmoja kutoka zahanati ya mbali. Ilitumwa kwa WhatsApp. Si faili la mashine: mtu aliishika simu, akaipiga picha skrini. Mwanga wa taa ya dari umekaa juu ya ateri. Damu inayotakiwa kuwa nyeusi ni ya kijivu, ukuta umeungua kwa weupe. Nikampigia kijana wa pale.

"Dada, si picha ni ile ile?"

Si ile ile. Simu imebadilisha mwanga, WhatsApp imeibana ili iwe nyepesi, na vivuli vilivyopotea havirudi hata uisawazishe mara mia. Nikamwomba faili lenyewe. Akasema mashine yao haitoi. Nikamweleza kitufe kilipo, hatua kwa hatua. Akasema atanipigia. Hakupiga. Nikapiga mimi, mara mbili. Mara ya tatu akapokea, umeme umekatika kwao, mashine imezima bila kuhifadhi kitu.

Kati ya simu hizo nikasoma karatasi iliyoambatana na picha, na moyo ukaruka. Mzee ni mvuvi. Juma lile lile jicho lake la kushoto liliingia giza, "kama pazia limeshuka," dakika chache, likarudi. Hiyo ni dalili ya karotidi ya upande huo huo kurusha vipande, na mtu wa namna hiyo hasubiri namba yangu wala ya yeyote. Niliiacha kalamu, nikamfuata daktari, naye akaagiza mzee aletwe leo leo.

Mtoto wake akanipigia, amekasirika. Wameshalipa kule, wamepoteza siku, sasa wanaambiwa warudie. "Dada yangu, hiyo picha mnayo, someni hiyo hiyo." Ningeweza kuzungusha mpaka kwenye picha ile, programu isingekataa, ingenipa namba yenye desimali mbili, ingeingia kwenye faili la mzee na kukaa humo kama kweli. Nilimwambia sitaisoma, nikamwambia sababu, nikamwomba msamaha kwa usumbufu. Akakata simu.

Walifika wameloa jasho, sikuangalia saa. Nilikuwa nimesoma plaki mbili tu tangu mchana na macho yamekuwa kama yana mchanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Shingo yangu imekutesa, nasikia."

Mwenzangu akapaka jeli, akashusha mwanga mpaka damu ikawa nyeusi. Mwanzoni mshipa ulionekana mpana na safi. Alipowasha rangi inayoonyesha mtiririko wa damu, ile nyekundu ikapinda, ikapita pembeni, ikaacha nafasi tupu pale ateri inapogawanyika. Plaki ilikuwa nyeusi kiasi cha kufanana na damu. Kwenye picha ya simu isingeonekana kamwe.

Nilichora mpaka wake mara tatu nikifuata ukingo wa ile rangi. Namba ikatoka 16. Daktari Nicolaides wa Cyprus na wenzake walifuatilia watu 1,121 waliokuwa na karotidi zilizobana bila dalili, wakachapisha mwaka 2010: weusi wa plaki, ukubwa wake na historia ya mgonjwa vilisaidia kumtenga mwenye hatari kubwa na mwenye ndogo, hata pale mishipa ilipobana kwa kiwango kimoja. Mzee wetu alikuwa na dalili tayari. Daktari akampokea wodini jioni ile ile.

Kabla hajaondoka aliomba aone. Nikamgeuzia skrini, nikamwonyesha kwa kidole mstari niliouchora. Alitazama muda mrefu. Mtoto wake alisimama nyuma yake, mkono begani mwa baba, hakusema kitu.

Picha 6 zimelala hadi kesho, sichori mpaka wowote nikiwa na macho haya yaliyochoka.

Nyumbani usiku mama ananiuliza kama kila siku, "Leo shingo ngapi?"

"Kumi na nne, mama. Moja ilinichukua siku nzima."

Akanisogezea uji.