Tukishajua Yupo, Halafu?

Leo baada ya chakula cha mchana mama alimtega binamu yangu, yule ambaye hajaonekana kanisani tangu amalize sekondari. "Mungu akikutokea hapa hapa Buruburu, ukamwona kwa macho yako, utamwabudu?"

"Nitajua yupo, shangazi. Kumwabudu ni jambo lingine."

Mama alikasirika, akaanza kukusanya vyombo kwa kelele. Mimi naona binamu ana hoja, tena hoja iliyomo ndani ya Biblia ya mama mwenyewe. Yakobo 2:19 inasema mashetani nao huamini na kutetemeka. Hao hawajakosa ushahidi. Waisraeli walivuka bahari pakavu, na kufikia Kutoka sura ya 32 tayari wanamsujudia ndama wa dhahabu. Jirani yetu wa ghorofa ya juu, ambaye ni Mwislamu, hupenda kunikumbusha Iblisi: alisemezana na Mwenyezi Mungu mwenyewe, na bado akakataa kumsujudia Adamu alipoamriwa. Nani alikuwa na uhakika kumzidi?

Mimi sina shaka hata kidogo kwamba serikali ipo, maana kila mwezi inakata mshahara wangu kabla sijauona. Sijawahi kuipigia magoti.

Wahubiri wa saa saba pale bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi, hawalioni hili. Wanapaza sauti wakitoa ushahidi, jua linavyochomoza, mtoto anavyoumbika tumboni, kana kwamba mpita njia mwenye mandazi mkononi amekwama kwenye hesabu tu. Katika sensa ya 2019 Wakenya zaidi ya 700,000 walisema hawana dini. Wamo wanaodai ushahidi, sikatai. Lakini binamu ukimbana sana, haulizi kama Mungu yupo. Anauliza alikuwa wapi. Mwaka 2023, miili ilipokuwa ikifukuliwa kule msitu wa Shakahola, Kilifi, hadi ikapita 400, watoto wakiwemo, binamu alikuwa hapati usingizi, anasoma habari zile kwenye simu mpaka usiku wa manane. Watu walishinda njaa hadi kufa kwa sababu waliambiwa ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Imani haikuwapungukia. Sasa Mungu akijidhihirisha kesho saa tatu asubuhi juu ya jengo la KICC mjini Nairobi, kila kamera ikamnasa, binamu atakuwa amejibiwa? Naona swali lake litazidi ukali, maana sasa yupo wa kuulizwa.

Mama naye hajawahi kudai ushahidi wowote. Baba alipolazwa alimwombea usiku na mchana, baba akafariki, na Jumapili iliyofuata mazishi mama alikuwa kwenye benchi lake lile lile. Ushahidi ungemwongezea nini?

Labda tungebadilika sisi wa katikati, tunaoonekana Krismasi, Pasaka na kwenye harusi za watu. Mimi najijua: ningewahi ibada ya kwanza na kukaa mstari wa mbele kabisa. Ila ningekuwa nimepelekwa na woga tu, na Mungu huyo aliyethibitika angeujua kabla sijafungua kitabu cha nyimbo.