Nilienda Mombasa kumtafutia mama leso

Kwetu Mwanza tunasema kanga lakini ukifika Mombasa ni leso, na mi niliisema kanga mara moja tu Biashara Street mama muuzaji akaniuliza, "Mwanangu, watoka Tanzania?" Mtaa wenyewe ni wa nguo tupu, maduka pande zote mbili, doti zimening'inizwa mlangoni mpaka unapita umeinamisha kichwa. Pale ndo lipo duka la Kaderdina Hajee Essak, lipo tangu 1887, wale ambao leso zao zimeandikwa Mali ya Abdulla pembeni. Nimeziona hizo tangu utoto kwa bibi na sikuwahi kujua zinatoka wapi.

Kisa cha leso chenyewe kinapendeza sana jamani. Neno ni la Kireno, lenço, yaani kitambaa cha mkononi, na inasimuliwa kwamba karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wananunua vile vitambaa vikiwa havijakatwa, wanakata vitatu vitatu, wanaunganisha safu mbili, inakuwa nguo moja ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona hivo ndo wakaanza kuchapisha nguo nzima kabisa. Kwa hiyo wabunifu ni wale wanawake na sindano zao, na hilo nataka lisemwe kwa sauti maana sifa huwa zinaenda kwa wenye maduka. Siku hizi nyingi zinachapwa India.

Mi nilishachagua moja kwa rangi, ya kijani, pindo zuri. Yule mama akaishika asiniachie. "Soma jina kwanza, leso huwezi kumpa mtu hujaisoma." Jina ni yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso. Nikasoma, kumbe lilikuwa la kumsema mke mwenza! Tukafungua doti nyingine na nyingine, nusu saa nzima tunasoma tu, akanionyesha na kisutu, ile nyekundu nyeusi na nyeupe ya bibi harusi, ya zamani kuliko zote mle ndani. Mwisho nikachukua iliyoandikwa WEMA HAUOZI. Nje kuna mafundi na cherehani zao, fundi akaikata vipande viwili akapinda kingo chapchap nikiwa nimesimama.

Jana mama kaipokea, kaisoma polepole kwa kidole, akanyamaza. Kipande kimoja akajifunga palepale juu ya gauni, cha pili kakikunja kakiweka kabatini, kasema hicho cha kumbebea mjukuu.