Wageni wa kaskazi

Nikiwaambia watu kwamba Mtwara msimu mzuri wa kuangalia ndege ni huu wa joto wananishangaa, maana kuanzia Novemba hapa Shangani unaoga, unajifuta, na jasho linatoka palepale, umeme nao ukikatika ndo basi tena. Lakini kaskazi ikishaanza kuvuma wageni wanaingia, tena wa mbali usipime.

Wenyeji kwanza. Uani kwangu kuna mkorosho na mwembe, yote imejaa maji moto, wale chungu ambao wakikudondokea shingoni unavua shati mbele za watu bila aibu. Dada yangu kila mwaka anataka tuwapulizie dawa, mi nakataa, kwa sababu wanamla mbu wa mikorosho, yule anayefyonza machipukizi mpaka yanakauka meusi, na wakulima wanaolijua hilo hawawagusi. Juzi nilisimama kuwaangalia wakijenga. Mstari mzima wameng'ata ukingo wa jani moja huku miguu imeng'ang'ania jani la pili wanavuta, pale jani lilipo mbali mmoja anamshika mwenzie kiuno, na wa tatu anamshika huyo, mpaka majani yanakutana, afu anakuja mwingine kabeba buu mdomoni, anamgusisha huku, anamgusisha kule, na buu ndo anatoa uzi. Yaani mtoto ndo cherehani! Wakubwa hawana uzi kabisa.

Mvua za kwanza zikipiga ni kumbikumbi, watoto wote wa mtaa wako chini ya taa na mabeseni ya maji, na wanakaangwa bila mafuta maana wanayo yao wenyewe. Wakitoka mchana we angalia juu: mbayuwayu, keremkerem, na ukibahatika kozi wa Amur. Huyu kozi ni mdogo tu lakini anazaliana huko Uchina na mashariki ya Urusi, anapitia India, kisha anaikata Bahari ya Hindi mpaka Afrika na kuendelea kusini. Sasa swali, baharini anakula nini?

Hapo ndo anaingia kereng'ende. Wale wa njano njano wanaojazana hewani baada ya mvua, wengi ni wasafiri. Kuna mtaalamu wa viumbe aliyekuwa akiishi Maldives, Charles Anderson, alishangaa kila Oktoba kereng'ende wanatokea kwa maelfu kwenye visiwa vya matumbawe ambavyo karibu havina maji baridi ya kuzalia, akafuatilia, na mwaka 2009 akaandika kwamba wanatoka India wanasukumwa na upepo wa juu kuja Afrika Mashariki kufuata mvua, na kwamba kozi na baadhi ya keremkerem wanapita njia hiyohiyo majira hayohayo, kwa hiyo huenda wanakula wakiwa angani. Huku wanataga kwenye madimbwi ya mvua, na wanaorudi India ni watoto au wajukuu wao. Nilimweleza hivyo mpwa wangu alipokuwa amemfunga mmoja uzi mkiani, akaniuliza, "Sasa mjomba, na huyu wa choo chetu naye katoka India?" Nikamwambia mfungue kwanza ndo tuongee.

Pwani sasa. Maji yakitoka, hasa bamvua, vuka kwenda rasi ya Msangamkuu, ng'ambo ya mji. Kina mama wako mwambani wanachokoa pweza, na karibu yao ndege sululu, mdomo umepinda kama mundu, hawaogopani kabisa. Nimemwona akimtoa kaa shimoni, akamtikisa na kumpigapiga chini mpaka miguu inaruka huku na huku, ndo akammeza kiwiliwili. Kitwitwi hawana hata muda huo, wanakimbia na wimbi likirudi, wanadonoa, linakuja wanakimbia tena, na ukiwaona walivyo wadogo huwezi kuamini wengine wamezaliwa Siberia.

Kuanzia Machi ndege hawa wanaanza kunenepa kwa ajili ya safari, na wakiondoka si wote, sululu wachanga wengi wanabaki huku kusi lote. Ukitaka kuja njoo Januari, uliza wavuvi saa ya maji kutoka, vaa kofia. Maji yakijaa usijisumbue na ufukwe, sululu utawakuta juu ya mikoko wamelala.