Siku moja maishani mwangu: seli, leza na kidonda cha mama mdogo

Saa 11:30 alfajiri. Upepo umeshaamka kabla yangu. Hapa Ng'ong'ona, Dodoma, vumbi linapenya hata chini ya mlango, kwa hiyo kufagia ndiyo kazi ya kwanza. Mama mdogo ninayekaa naye ana kisukari, na kidonda cha unyayoni mwake kina mwezi wa nne hakijafunga. Leo ana kliniki. Ananiuliza tena: "Mwanangu, hiyo taa yako ya kuponya vidonda unayoijaribu maabara itanifikia lini?" Namwambia bado, twende kwanza kliniki. Namsindikiza mpaka kwenye bajaji.

Saa 1:40 asubuhi. Mzee wa getini pale maabara ananipokea kwa Kigogo: "Mbukwenyi!" Namwamkia, kisha naenda moja kwa moja kwenye inkubeta, kabati la joto ninamolea seli. Usiku umeme ulikatika. Nyuzijoto 37, kaboni dioksidi asilimia 5. Betri ilishika. Nashukuru Mungu.

Saa 2:30. Seli ninazolea ni fibroblasti, zile zinazotengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, wakati kidonda kinajifunga. Zimejaa sahani ya maabara mpaka zimeshikana kama jamvi. Nachukua ncha ya pipeti, nakwaruza mstari mmoja katikati. Hicho ndicho kidonda changu. Nasuuza seli zilizong'oka, napiga picha kwa hadubini. Kuanzia sasa seli za kingoni zitatambaa kuziba pengo, nami nataka kujua kama mwanga utaziharakisha au utazikwamisha.

Saa 3:15. Navaa miwani ya kinga, natandika kadibodi nyeusi ili mwanga usirudi kutoka mezani. Leza hii ni nyekundu, urefu wa wimbi lake nanomita 660, nguvu yake miliwati 50 kwa sentimita moja ya mraba. Sekunde 60 zinaipa sahani nishati ya jouli 3 kwa kila sentimita ya mraba. Dakika 10 zinaipa 30. Kila sahani inayomulikwa ina mwenzake anayekaa nje ya inkubeta kwa muda uleule, leza ikiwa imezimwa, la sivyo nitadhani ni mwanga kumbe ni baridi ya chumba.

Wengi wakisikia leza wanafikiria kukata na kuchoma. Hii haichomi. Kazi yake iko ndani ya mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, kwenye kimeng'enya kiitwacho saitokromu c oksidasi, mahali ambapo oksijeni inatumika wakati seli inatengeneza nishati yake. Maelezo yanayotajwa zaidi, ingawa bado yanajadiliwa, ni kwamba kimeng'enya hicho kinanyonya mwanga, gesi ya nitriki oksaidi iliyokuwa imekikalia inabanduka, oksijeni inapita, na ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, inaongezeka. Papo hapo molekuli kali za oksijeni nazo zinapanda. Zikipanda kidogo, seli inazisoma kama ishara ya kugawanyika na kuhama. Zikizidi, zinaiumiza. Mimi hapo ndipo moyo wangu ulipo: mwanga uleule, seli zilezile, tofauti ni dakika tu.

Saa 7:00 mchana. Ugali na mlenda. Kijana aliyekuja maabara kwa mazoezi ya vitendo ananiuliza nani alianza mambo haya. Namsimulia habari za Endre Mester wa Budapest, ambaye mwaka 1967 aliwamulika panya walionyolewa kwa leza dhaifu ya rubi, akaona nywele zao zinaota upesi kuliko za wenzao. Leo mwanga wa aina hii umo katika miongozo ya kimataifa ya kuzuia vidonda vya mdomoni kwa wagonjwa wa saratani wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo. Anasahau kula.

Saa 9:45 alasiri. Picha za sahani za jana, saa 24 zimetimia. Za jouli 3, pengo limebaki uzi mwembamba. Zisizomulikwa, pengo bado linaonekana wazi. Za jouli 30 ziko nyuma hata ya hizo zisizomulikwa, na baadhi ya seli zimejikunja na kuwa duara. Naziangalia muda mrefu. Nitarudia jaribio mara mbili zaidi kabla ya kumpelekea msimamizi, maana sahani chache zinaweza kukudanganya.

Saa 11:00 jioni. Kuosha, kuandika daftari, kufunga.

Saa 12:30. Nyumbani nakuta boksi mezani. Jirani kamletea mama mdogo taa nyekundu "ya kuponya vidonda", alipe taratibu. Naligeuza boksi pande zote. Hakuna nanomita, hakuna miliwati. Jirani kamwambia amulike kila akipata nafasi, hata saa nzima. Nikakumbuka zile seli zilizojikunja.

Nimemweleza mama mdogo kwamba sahani si mguu, na kwamba mguu wenye kisukari huenda usihisi hata joto likizidi. Nimemwonyesha picha zote tatu kwenye simu. Ameitazama ile ya mwisho zaidi.

Boksi nimelirudisha kwa jirani kwa heshima kabla ya chakula. Niliporudi, mama mdogo alikuwa ameninyooshea mguu nimwangalie bandeji waliyomfunga kliniki. Safi, kavu. Miadi yake ni Ijumaa.