Rangi ni ya seli, si ya foleni

Kazi yangu ni kupima betri. Seli ya lithiamu inachajiwa mpaka volti 4.2, inapumzishwa, kisha inanyonywa umeme taratibu mpaka ishuke kwenye volti 2.5, na muda wote huo mashine inaandika volti kila baada ya sekunde chache. Kinachokwenda kwa wenye mradi mwishoni ni grafu: muda kwenye mhimili wa chini, volti kwenye mhimili wa wima, na mistari inayoanzia juu kushoto, inateremka polepole kwa muda mrefu, halafu inaporomoka karibu na ukingo wa kulia. Seli za aina moja huchora mistari inayolaliana kabisa katikati. Hapo msomaji hana cha kushika isipokuwa rangi na ufunguo, yaani kile kisanduku kinachotaja mstari upi ni wa seli ipi, ndiyo maana mambo haya mawili nayachukulia kama sehemu ya kipimo chenyewe.

Mimi hutumia Matplotlib, programu ya kuchora grafu kwa lugha ya Python. Tangu toleo la 2.0 lililotoka mwaka 2017, usipoiambia kitu inagawa rangi kumi kwa zamu: buluu, chungwa, kijani, nyekundu, zambarau, kahawia, waridi, kijivu, kijani cha zeituni na samawati. Mstari wa kumi na moja unarudia buluu ileile ya kwanza, na programu haikupi onyo lolote. Hilo angalau linaonekana kwa macho ukihesabu mistari.

Linalonikera zaidi halionekani. Rangi hizo zinagawiwa kwa foleni ya kuchora, bila kujali mstari ni wa nani. Nikichora seli A, B, C na D, B inapata chungwa. Wiki ijayo B ikitolewa kwenye majaribio, C inasogea mbele na kuvaa chungwa iliyokuwa ya B. Kila grafu peke yake ni sahihi, ufunguo wake ni sahihi, lakini mtu akiziweka ripoti mbili sambamba ataifuata chungwa kutoka karatasi hii hadi ile na kuamini kwamba B imeimarika. Hakuna asomaye ufunguo upya kwenye kila ukurasa. Msomaji anaujifunza mara moja, kisha anakwenda kwa rangi, na ana haki ya kufanya hivyo.

Kwa hiyo rangi naifunga kwa seli yenyewe, mara moja, mwanzoni mwa mradi:

rangi = {"A": "#0072B2", "B": "#D55E00", "C": "#009E73", "D": "#CC79A7"}

Na ndani ya kitanzi cha kuchora, yaani amri zinazorudiwa kwa kila seli:

ax.plot(saa[s], volti[s], color=rangi[s], label=s)

Kamusi hiyo, yaani orodha ya kila seli na rangi yake, inakaa kwenye faili lake, na kila programu ya mradi inaisoma kutoka hapo. Seli ikiondolewa, rangi yake inaondoka nayo na hairithiwi na mwingine.

Namba hizo za rangi sikuzibuni. Zimo kwenye seti ya rangi nane iliyopangwa na Masataka Okabe na Kei Ito, Wajapani wawili waliotaka picha za kisayansi zisomeke hata na wenye upofu wa rangi. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu mwanamume 1 kati ya 12 hutofautisha nyekundu na kijani kwa shida. Kwa wanawake ni karibu 1 kati ya 200. Ukichora seli nzima kwa kijani na seli mbovu kwa nyekundu, umewanyima watu hao jambo lenyewe ulilotaka kulisema. Katika seti hiyo ninaiacha njano tu, maana mstari mwembamba wa njano juu ya karatasi nyeupe unapotea.

Halafu kuna printa. Ripoti zinachapwa kwa wino mweusi, tupende tusipende. Kwa hesabu ya kawaida ya kugeuza rangi kuwa kijivu, ambapo 0 ni nyeusi na 255 ni nyeupe, buluu ya kwanza ya Matplotlib inatoka takriban 100 na kahawia yake 101. Yaani kwenye karatasi ni kitu kimoja. Hata seti ya Okabe na Ito haiponi hapo: chungwa yake na samawati yake zinakaribiana mno, 162 na 158. Dawa ni kuongeza namna ya mstari. A unakuwa mzima, B wa vipande, C wa nukta, D wa kipande na nukta. Na namna hiyo nayo naiandika kwenye kamusi pamoja na rangi, ili visiachane.

Yote hayo ni kwa mistari isiyo na mpangilio baina yake. Ninapoipima seli moja kwenye baridi na kwenye joto, tuseme nyuzi −20, −10, 0, 10, 25 na 40, mambo yanageuka. Hapo mistari ina daraja, na rangi sita zisizohusiana zinaificha daraja hiyo. Natumia viridis, mfululizo wa rangi uliomo ndani ya Matplotlib, inayotoka zambarau iliyokolea kwenye 0, inapita kijani, inaishia njano kwenye 1, lakini naikata kwenye 0.85 ili nisifike kwenye ile njano isiyoonekana. Msomaji anaona baridi ikiwa giza na joto likiwa jepesi, na mistari ikipandiana kwa utaratibu, kabla hata hajatafuta namba yoyote.

Sasa ufunguo. Matplotlib ikiachiwa inautafutia nafasi iliyo wazi zaidi, na nafasi hiyo inabadilika data ikibadilika, hivyo kwenye ripoti ya kurasa nyingi ufunguo unahamahama. Grafu za kutoa umeme zina kona moja ambayo ni tupu daima, chini kushoto, kwa sababu mistari yote huanzia juu. Nauweka hapo kwa amri, loc="lower left", na haubanduki. Mpangilio wake naupanga kwa muda ambao seli imedumu: iliyochelewa kuporomoka inatajwa kwanza. Seli moja ikipimwa mara tatu, mistari mitatu inapata rangi moja na jina natia kwenye mmoja tu, la sivyo "A" itaandikwa mara tatu.

Mistari ikiwa minne au pungufu, ufunguo naufuta kabisa na jina naliandika kando ya mstari kwa rangi ya mstari. William Playfair alifanya hivyo mwaka 1786 kwenye grafu zake za biashara ya Uingereza: maneno yanakwenda na mstari wenyewe. Kwenye betri usiliandike mwishoni, maana mistari yote inaishia kwenye volti 2.5 na majina yatabanana sakafuni. Liandike kwenye goti, pale mstari unapoanza kukunja kwenda chini. Hapo ndipo seli zinapoachana.

Na seli zikiwa ishirini na nne? Hakuna rangi ishirini na nne ambazo jicho litazitenganisha, hata ukinunua skrini ya namna gani. Nazichora zote kwa kijivu chepesi, mstari mwembamba, bila jina. Kisha ile iliyoitisha mkutano naichora juu ya hizo nyingine kwa rangi yake ya kwenye kamusi, mstari mnene, jina lake likiwa kando.