Meno 13 au 14: kumbukumbu za sproketi za CRF yangu hapa Tanga

Wiki ya kwanza

Pikipiki ni Honda CRF250L, mtumba, imeshapita mikono miwili kabla ya kufika kwangu. Sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, ni za kiwandani, mbele meno 14 nyuma meno 40, cheni saizi 520. Nimeamua kuandika kila ninachobadilisha mana kichwa changu sikiamini tena, juzi nimebishana na fundi nusu saa kuhusu boliti ambayo nimeifunga mimi mwenyewe.

Shida yangu ni kwamba naishi Tanga, na Tanga ukitoka upande wowote unakuta barabara ya aina yake. Ukienda Kigombe kule pwani ni mchanga, ukipanda Amani ni udongo mwekundu na utelezi, ukielekea Segera ni lami malori yanakupita kama umesimama. Katikati hapo kuna njia za mashamba ya mkonge, zimenyooka, ngumu, hizo hazina shida na gia yoyote ile kwahiyo sitazitaja tena.

Jumamosi nilipanda Amani kupitia Muheza. Mpaka Kisiwani safi, ukianza kukata kona za mlima ndo balaa, gia namba moja injini inalia kama inataka kutoka, nikiweka mbili inakosa pumzi inataka kuzima, basi nikawa napanda kwa nusu klachi kona hadi kona. Nilipopumzika juu, mama mmoja mwenye tenga la machungwa akaniuliza, "Mwanangu, hicho kinachoungua ni chako?" Ilikua klachi yangu.

Wiki ya pili

Nimekaa na kikokotoo cha simu. Unagawanya meno ya nyuma kwa ya mbele, 40 kwa 14 unapata 2.86, yaani tairi likizunguka mara moja sproketi ya mbele imezunguka karibu mara tatu. Namba ikipanda pikipiki inavuta zaidi na mbio zinapungua, ikishuka kinyume chake. Mbele nikiweka 13 napata 3.08, nikiweka 12 napata 3.33. Ukipunguza jino moja tu mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma, na sproketi ya mbele ni ya bei ndogo unaweza kuitupia mfukoni, kwahiyo naanzia mbele.

Fundi wangu alicheka. Anasema madereva wa boda wanaobeba mizigo milimani hawajawahi kugawanya kitu chochote, wanakuja wanasema "nibadilishie, inachoka" na yeye anawawekea kubwa nyuma. Sawa kaka, ila mimi napenda kugawanya.

Nikanunua ya meno 13 dukani, muuzaji kaniapia kabisa inaingia. Nimefika nyumbani nakuta ni ya cheni 428, ile ya pikipiki za boda, meno yamekaribiana, na tundu la kati halilingani na shafti hata kidogo. Nimerudisha, hela sikurudishiwa, nimepewa plagi mbili na chupa ya oili. Sitaki kuongea sana. Ukienda dukani nenda na sproketi yako ya zamani mkononi, uziweke moja juu ya nyingine uangalie.

Wiki ya nne

Ya kweli imefika kutoka Dar kwa basi. Kuibadilisha ni kazi ya nusu saa: unatoa kava, unalegeza ekseli ya nyuma ili cheni ilegee, boliti mbili ndogo na kile kibamba kinachozishikilia, sproketi inatoka. Kulikua na tope na grisi iliyokauka humo ndani, nimekwangua na bisibisi, nzito kama ukoko wa wali. Kwa cheni ile ile ekseli imerudi nyuma kama milimita 4 hivi, nafasi bado ipo. Ulegevu wa cheni nimefuata kipimo cha kwenye stika, pikipiki ikiwa kwenye stendi bila mtu juu, alafu nikakaa mdogo wangu akashika rula kuona kama ulegevu bado upo, mana ukiikaza sana, ukipanda na shokapu ikashuka, cheni inajivuta mpaka inalia.

Jaribio la kwanza Kigombe. Zamani kwenye mchanga gia ya pili ilikua inazama, nikirudi ya kwanza tairi linachimba kaburi. Sahivi ya pili inavuta toka chini kabisa, unakaa nyuma kidogo, unaongeza mafuta, pikipiki inaelea. Upepo nilishusha tairi mpaka psi 15 hivi, na kusema kweli sijui mchango wa upepo ni upi na wa sproketi ni upi, nilitakiwa nibadilishe kimoja kimoja. Mzee mmoja alikua anashona nyavu pale, nikamwamkia, akaitikia marahaba alafu akasema leo hujasukuma. Kumbe ananikumbuka.

Amani pia nimepanda. Gia ya pili inakaa kwenye kona karibu zote, klachi nimeigusa mara chache, hamna harufu. Hiki ndo nilichokua nakitafuta. Mbio mimi sinazo, nilikua natafuta gia moja inayonifaa pale pabaya zaidi, na nilikua nimekwama katikati ya mbili.

Wiki ya tano

Lami ya Segera. Spidomita inasoma 80, nikajiona mwamba, binamu yangu nyuma na GPS ya simu ananipigia kelele ni 74. Hii pikipiki inasoma mwendo kutoka kwenye gia boksi sio kwenye tairi, kwahiyo ukipunguza jino inadanganya kama asilimia 8, na kilomita za sevisi nazo zinakimbia kuliko ukweli. Afu ukifika 90 ya uongo injini inalia mno, mikono inakufa ganzi. Kwa safari ndefu ya lami 13 ni adhabu.

Wiki ya saba

Tamaa. Nikasema kama 13 imenifaa hivi, 12 itakuaje. Nimepanda nayo Amani siku mbili baada ya mvua, na pale mvua haina msimu sana, na nimejifunza kwa makalio. Kupanda, kila nikigusa mafuta tairi linazunguka palepale mana nguvu inafika yote kwa mpigo na udongo ni sabuni. Kushuka ndo ilikua mbaya zaidi, nikaachia mafuta kwenye gia ya kwanza, injini ikashika tairi la nyuma kama breki, mkia ukatangulia mimi nikafuata. Mkono wa klachi umepinda, kiwiko kimechubuka. Vijana wa mashamba ya chai walinisaidia kuinyanyua, wakacheka kwa adabu.

Nilipofungua nyumbani nimekuta kitu kingine, ile plastiki inayolinda swingamu, mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma, imeliwa mfereji kabisa. Sproketi ndogo inaikunja cheni sana na inaishusha karibu na swingamu, inakula plastiki na inajichosha yenyewe. 12 nimeitundika ukutani kwenye msumari, ifanye kazi ya kushikia funguo.

Wiki ya nane

13 imerudi. Wakati nafunga nimeona sproketi ya nyuma meno yameanza kulala upande mmoja kama kulabu, kwahiyo seti nzima inakaribia kwisha, na sio vizuri kuweka cheni mpya juu ya meno mabovu.

Mpango: nyuma 42, cheni mpya nikate pingili mwenyewe, mbele nabaki na mbili. Ya 14 inanipa 3.00 kamili kwa siku za Segera na shughuli za mjini, ya 13 inanipa 3.23 kwa Amani na Kigombe, bila kuikunja cheni kama ile ya 12. Nimeogopa 43, mana 43 kwa 13 ni 3.31, karibu kabisa na ile iliyonitupa chini. Kubadilisha ya mbele inabidi nisogeze ekseli hizo milimita 4, nimeshaweka alama mbili za rangi ya kucha ya dada kwenye swingamu.

Mzigo nimeambiwa umepakiwa Dar jana usiku. Nimepiga simu stendi ya Kange mara mbili leo, bado.