Mabunda ya nondo hayamo kwenye manifesti: jinsi nilivyoepuka faini ya forodha

Meli tuliyokuwa tunaihudumia Dar ilishusha mabunda mengi ya nondo kuliko yale ya kwenye manifesti (orodha ya mzigo wa meli), afisa forodha akasema mzigo haujatamkwa, faini inakuja na mali inaweza kutaifishwa. Kapteni anataka "tuongee nao", nikamwambia hapana kaka, hapo ndo watu wanajizika wenyewe.

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu kurekebisha ripoti ya meli kama kilichorukwa ni bahati mbaya sio kuficha, ila lazima uthibitishe, basi nikamganda wakala wa bandari ya kupakia mpaka akatuma bili ya shehena (hati ya mzigo uliopakiwa), tali shiti (karatasi ya kuhesabia mzigo unapopakiwa) na barua ya kukiri kosa, nikaomba marekebisho kabla mzigo haujatoka geti. Mwenye nondo akalipa ushuru wake kama kawa, faini ikafutwa. Kilichotuokoa hasa ni tali shiti, tarehe yake ilikuwa ya kabla meli haijang'oa nanga, yaani mabunda yalihesabiwa tangu huko, hayakufichwa.